Mtaka cha Mvunguni: Kutengeneza Miguu ya Mbele ya Gari Kuukuu Nyumbani

Wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hapakuwa na gari hata moja katika Pwani yetu. Walikuwa wakizungumzia kitanda na vitu vinavyowekwa chini yake. Lakini siku hizi hakuna aijuaye maana ya methali hiyo kuliko mtu mwenye gari kuukuu. Ugonjwa wa gari la namna hiyo hauko juu, penye rangi na vioo ambavyo kila mpita njia huvitazama. Uko chini, penye vumbi na grisi, na asiyekubali kuinama hatauona mpaka siku utakapojionyesha wenyewe njiani.

Miji yetu, tangu Vanga hadi Malindi, ina magari mengi yaliyokula chumvi. Miongoni mwao, lenye sifa kubwa ni Peugeot 504, gari la Kifaransa lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1968. Ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, alikwisha jipatia jina katika mashindano ya Safari Rally kwa kushinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975, ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na tena mwaka 1978, ikiendeshwa na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. Watu walioziona gari hizo zikipita katika matope na mawe waliamini kwamba gari likiweza kuyavumilia hayo, litaweza pia kuzivumilia njia zetu. Wakazinunua. Zikabeba maharusi, zikabeba magunia ya nazi na makapu ya samaki, na zile ndefu za abiria zikawa zinashindana na mabasi.

Bado utaziona. Nyingine ni mali ya urithi: baba alinunua, mwana akarithi, na mjukuu ndiye anayeliosha gari siku ya Idi. Lakini kuna jambo moja linalowapata wenye magari haya, nalo ni mazoea. Gari huanza kugonga upande wa mbele kila likipita shimo. Jirani huuliza, "Vipi, bwana, mbona gari lako lalia?" Mwenyewe hujibu, "Ah, limezoea hilo." Kwa hakika gari halizoei kitu. Aliyezoea ni yeye, na masikio yake ndiyo yaliyochoka kusikia.

Makala haya yanazungumzia sehemu hiyo inayolia, yaani miguu ya mbele ya gari, na jinsi mtu mwenye subira na vifaa vichache anavyoweza kuitengeneza uani kwake. Pia yataeleza ni wapi mtu huyo anapaswa kusimama na kumpisha fundi.

CHOMBO NI CHOMBO

Sisi watu wa Pwani si wageni wa kazi ya kutunza vyombo. Mabaharia wetu hawakungoja jahazi lizame ndipo walitengeneze. Upepo ulipobadilika na safari zikapungua, chombo kilipandishwa pwani, kikaegemezwa, kikasuguliwa ubavuni, kikakalafatiwa kwa pamba kila ufa, kisha kikapakwa deheni. Nahodha alisimama hapo hapo akitazama. Hakumwachia fundi peke yake, kwa kuwa maisha yatakayokuwa baharini ni yake na ya mabaharia wake.

Gari nalo ni chombo, na ndivyo tunavyoliita tukiomba dua ya safari tunapolipanda. Lakini ile ada ya kukitazama chombo kabla ya kukiingia tumeiacha ufukoni. Mtu atasoma dua vizuri, kisha ataondoka na gurudumu linalocheza kama jino bovu. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kukaza nati iliyolegea ni katika kumfunga ngamia.

KAZI YA MIGUU YA MBELE

Ili mtu aelewe ugonjwa, yafaa aelewe kwanza kiungo kinafanya kazi gani. Utazame mkokoteni wa hamali unapopita katika njia mbovu. Ekseli yake imefungwa moja kwa moja kwenye mbao za juu. Gurudumu likigonga jiwe, mzigo wote huruka, na mikono ya hamali hutetemeka. Gari lina springi katikati ya gurudumu na mwili wake, na springi hiyo ndiyo inayomeza pigo la jiwe. Lakini springi ikiwa peke yake ina kasoro: ikishabonyezwa hurudi juu, ikashuka, ikarudi tena, na gari likawa linacheza kama mashua katika mawimbi. Ndipo ikawekwa shokamzoba. Hii ni silinda yenye mafuta na pistoni ndani yake. Pistoni ikisukumwa, mafuta hulazimika kupita katika matundu madogo, na kwa hivyo mwendo wa springi hutulizwa. Springi hubeba gari, na shokamzoba huituliza springi.

Katika 404 na 504, na katika magari mengi madogo ya Kijapani yaliyozifuata, springi na shokamzoba za mbele zimeunganishwa zikawa mguu mmoja uliosimama wima. Mtindo huu ulibuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, na ulianza kutumiwa na kampuni ya Ford huko Ulaya miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzoni mwa 1950. Uzuri wake ni kwamba una vipande vichache. Juu, mguu umefungwa kwenye mwili wa gari kwa kikombe chenye raba, na ukifungua boneti utaviona vichwa vyake, kimoja kila upande. Chini, mguu umeshikwa na mkono wa chuma unaotoka katikati ya gari. Baina ya mguu na mkono huo kuna bolijointi, yaani tufe la chuma ndani ya kikombe, mfano wa fupa la paja linavyoingia katika nyonga. Mkono wenyewe, pale unaposhikana na gari, umevalishwa bushi za mpira. Na kutoka kwenye usukani huja fimbo yenye kichwa cha tufe pia, ambayo mafundi huiita tairodi, nayo ndiyo inayougeuza mguu kulia na kushoto.

Hivyo basi, vitu vinavyochakaa ni vitano: shokamzoba, raba ya kikombe cha juu, bolijointi, bushi za mkono, na kichwa cha tairodi. Springi huishi muda mrefu zaidi, lakini nayo huchoka ikashuka, na kwetu Pwani huliwa na kutu mpaka ikakatika mzingo wa mwisho.

Katika vitano hivi, viwili havina msamaha. Bushi ikifa, gari hulia na kuyumba. Shokamzoba ikifa, gari hurukaruka na breki huchukua masafa marefu zaidi kulisimamisha. Lakini bolijointi ikichomoka, gurudumu hulala ubavu, gari huangukia upande mmoja, na usukani hubaki mkononi bila kazi. Kichwa cha tairodi kikichomoka, gurudumu moja hufuata njia yake. Mambo hayo yakitokea uani, ni kazi ya asubuhi moja. Yakitokea katika barabara ya kwenda Malindi, basi likija mbele yako, hakuna wa kuulizwa.

KUMPIMA MGONJWA

Tabibu hatoi dawa kabla ya kupima, na fundi vilevile. Anza kwa kuyatazama matairi, kwa kuwa tairi ni kitabu kilicho wazi. Likiwa limeliwa ukingo mmoja tu, magurudumu hayakupangwa sawa au kuna kiungo kilicholegea. Likiwa limeliwa kwa vishimo vishimo kuizunguka duara, aghalabu shokamzoba imekufa na gurudumu linadunda.

Kisha nenda kwenye pembe ya mbele ya gari, ulibonyeze kwa nguvu za mwili wako, uliachilie. Likipanda na kutulia, shokamzoba ina uhai. Likiendelea kupanda na kushuka, imekwisha. Itazame pia kwa macho: ikiwa mafuta yamechuruzika mguuni yakashika vumbi, usingoje ushahidi mwingine.

Baada ya hapo, inua gari hadi gurudumu lining'inie, na ulitegemeze vizuri kama tutakavyoeleza. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Kukiwa na mchezo, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukitoweka, ugonjwa umo katika beringi za gurudumu. Ukibaki, tazama bolijointi, na uingize chuma cha kubanulia chini ya mkono uone kama tufe linapanda na kushuka ndani ya kikombe chake. Halafu shika tairi kushoto na kulia, ulitikise, na mwenzako aweke kidole penye kichwa cha tairodi. Kilicholegea atakisikia.

Zitazame na raba zinazofunika bolijointi na tairodi. Raba iliyopasuka ni mlango uliowekwa wazi: vumbi na maji ya chumvi huingia, grisi hutoka, na kiungo kipya husagika kabla ya wakati wake. Hapa ndipo mahali pa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta.

KABLA YA KULALA CHINI YA GARI

Sasa, ndugu msomaji, tumefika mahali panapoua watu. Jeki imeundwa kuinua gari. Haikuundwa kulishikilia huku binadamu yuko chini yake. Jeki ya mafuta inaweza kushuka polepole mpira wake ukichoka, na ile ya kuzungusha inaweza kulala ubavu. Kwa hivyo baada ya kuinua, gari sharti likalishwe juu ya stendi mbili za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Bei yake si kubwa ukiilinganisha na bei ya sanda.

Kwetu Pwani kuna mambo mawili zaidi ya kuangaliwa. La kwanza ni ardhi. Ua mwingi ni mchanga, na mchanga hautaki kuhimili mzigo. Jeki ikisimamishwa juu yake huzama upande mmoja na kuteleza. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi, au ulipeleke gari penye sakafu ya saruji.

La pili ni mawe. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yanayokatwa machimboni, na kila ua haukosi vipande vyake. Jiwe hilo ni zuri kwa ukuta, kwa sababu mzigo wa ukuta huenea. Lakini uzito wa gari ukikaa juu ya ncha moja ya chuma, jiwe la matumbawe hupasuka ghafula, bila kutoa onyo. Tofali la saruji lenye tundu katikati ni vilevile. Usiliweke gari juu ya vitu hivyo ukalala chini yake. Kama jiwe lazima lipate kazi, liweke mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma ili gari lisisogee, na hapo litakufaa. Boriti za mikoko nazo ni mviringo, hubingirika. Na gurudumu ulilolivua lisukume chini ya ubavu wa gari, ili kama mengine yote yatashindwa, gari liangukie gurudumu.

Pia usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu karibu anayeweza kuita watu. Kijana wa nyumbani anafaa sana: atakupa spana, atazijua kwa namba zake, na atajifunza. Mafundi wengi wazuri walianza kwa kushika tochi.

KUFUNGUA

Siku moja kabla, safisha nati zote kwa brashi ya waya na uzimwagie mafuta ya kulainisha kutu. Hewa yetu ya bahari huzifunga nati kama zilizochomelewa, na usiku mmoja wa kulowa huokoa saa nzima ya kutoa jasho. Nati za magurudumu zilegeze gari likiwa bado chini. Kisha inua, kalisha juu ya stendi, vua gurudumu.

Kabla ya kufungua tairodi, weka alama kwa rangi au kwa msumari na uhesabu nyuzi zinazoonekana. Kichwa kipya kikirudi mahali pale pale, gari litaweza kuendeshwa mpaka kwa mpanga magurudumu bila kuyala matairi. Vuta pini inayofunga nati, ilegeze nati lakini usiitoe yote. Msumari wa tufe umeingia katika tundu kwa umbo la pia, nao hushika sana. Ukiugonga kwa chini utaharibu nyuzi zake. Afadhali tumia kifaa cha kuusukuma, au nyundo mbili: moja iegemeze upande mmoja wa jicho la chuma, na kwa nyingine piga upande wa pili pigo kali. Chuma kitashtuka na msumari utaruka. Bolijointi nayo hufunguliwa kwa namna hiyo hiyo katika magari mengi, ingawa katika mengine imekazwa kwa bolti au imo ndani ya mguu wenyewe na huhitaji kifaa maalumu. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachokwambia.

Sehemu ya breki inayobana diski ifungue na uifunge kwa waya kwenye mwili wa gari. Usiiachie ining'inie kwa mpira wake, kwani mpira ule ndio unaopeleka nguvu ya breki, na ukivutwa hupasuka ndani pasipo kuonekana.

Mguu ukishaachana na mkono wa chini, msaidizi aushike, nawe ufungue nati za juu zilizo pembeni ya kikombe. Nati kubwa ya katikati usiiguse. Narudia: usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi.

SPRINGI SI MCHEZO

Springi iliyo ndani ya mguu imebanwa hata gari likiwa hewani. Nguvu iliyomo inatosha kumvunja mtu taya au kumtoa uhai. Nati ya katikati ikifunguliwa kabla springi haijakamatwa, kikombe na springi hutoka kama risasi.

Kuna vyuma vya kubania springi, ambavyo hutumiwa viwili viwili, kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Huvalishwa kwenye mizingo, vikakazwa kidogo kidogo kwa zamu, mpaka springi ilegee katika kikombe chake. Hapo tu ndipo nati ya katikati hufunguliwa, uso wa mtu ukiwa mbali na mwisho wa mguu. Wako wanaofunga springi kwa waya au kwa kamba ya nanga. Huo si ufundi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu litakalovunjika si la gari.

Kama huna vyuma hivyo, au vile ulivyoazima vina nyuzi zilizochakaa, hapa ndipo pa kusimama. Uchukue mguu mzima, uupeleke kwenye gereji yenye mashine ya kubana, ulipe kazi hiyo moja, kisha urudi nao nyumbani. Si aibu. Nahodha hodari ni yule ajuaye mahali pa kumpa rubani usukani.

Mguu ukishafunguliwa, itazame raba ya juu na beringi yake. Raba iliyopasuka ndiyo inayotoa ule mgongo unaosikika chini ya boneti, na watu wengi hubadilisha shokamzoba nzima na kumwacha mwizi mwenyewe ndani ya nyumba. Katika magari mengi ya miaka hiyo, shokamzoba ya ndani hubadilishwa kwa kufungua nati kubwa iliyo shingoni mwa mguu, na mwili wa mguu ukabaki ule ule. Shokamzoba hubadilishwa mbili pamoja, kulia na kushoto. Ukibadilisha moja, gari litakuwa na mguu wa kijana na mguu wa mzee, na likifunga breki litavuta upande.

KUFUNGA

Kufunga ni kurudi kwa njia uliyoijia, lakini mambo manne husahauliwa. Kwanza, ncha ya springi ina kijukwaa chake katika kikombe. Isipokaa hapo, itazunguka na kulia. Pili, pini za kufungia na nati zinazojifunga zenyewe hazitumiwi mara mbili. Ni vitu vya shilingi chache vinavyobeba uhai wa watu. Tatu, bushi za mpira hazipakwi grisi, maana mafuta huula mpira. Maji ya sabuni yanatosha kuziingiza. Nne, bolti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limeshuka na kusimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari liko hewani, mpira utabaki umesokotwa siku zote gari linapotembea, na baada ya miezi michache utakuwa umekatika.

Gari likishuka, kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuliondoa, mpaka kanyagio lisimame. Wengi wamegonga ukuta wa nyumba yao kwa kulisahau hili. Zunguka mtaani polepole, sikiliza, kisha rudi ukaze tena nati za magurudumu. Safari ya kwanza ya mbali iwe ya kwenda kwa mpanga magurudumu. Kipimo chake hakifanyiki kwa jicho wala kwa uzi, hata fundi akikuapia.

UJANJA NA AMANA

Sasa tuseme jambo lililo zito kuliko nati zote. Kuna ujanja mwingi unaofanyiwa miguu ya magari makuukuu. Bolijointi iliyolegea hutiwa kipande cha bati ndani ili isicheze kwa wiki mbili tatu. Bushi huchongwa kwa tairi bovu. Springi iliyoshuka huingiziwa vipande vya mpira kati ya mizingo yake ili gari lisimame juu. Na kiungo kilichokwisha hujazwa grisi nzito mpaka kikanyamaza.

Mtu anayetaka kufika nyumbani usiku, akiwa njiani na watoto, ana udhuru wa kufunga hata kwa kamba, aende polepole. Lakini ujanja huu hutumiwa zaidi siku gari linapouzwa. Mnunuzi huja, hulisikia kimya, hutoa fedha, na baada ya mwezi mmoja hugundua kwamba kimya kile kilikuwa cha grisi. Tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta juu kukavu na chini kumelowa. Alimkemea muuzaji kwa kuficha, na akatangaza kwamba mwenye kudanganya hayumo katika kundi lake. Gari lenye rangi mpya juu na bolijointi ya bati chini ni chungu ile ile ya nafaka. Tena nafaka ile ingemtia mtu hasara tu, bali gari hili huenda likamtia kaburini pamoja na jamaa zake, na walio katika gari linalokuja mbele.

Fundi naye ana sehemu yake. Akisema ametia kitu kipya, kiwe kipya. Mwenye gari amwombe vile vya zamani avione, na fundi mwaminifu hataona vibaya, bali atafurahi kwamba kazi yake imethaminiwa. Na sisi wenye magari tuache kumsukuma fundi kwenye uongo kwa kutaka kila kitu kwa bei ya bure. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Vipuri bandia vimejaa madukani, na bolijointi iliyotengenezwa kwa chuma laini huvaa mwezi mmoja ikaisha. Afadhali mtu atengeneze upande wa mbele sasa kwa vipuri vya kuaminika, na redio na viti vingoje.

MIKONO, MAFUTA NA JIRANI

Yamebaki mambo madogo ambayo kwetu si madogo. Kazi hii ianze asubuhi, baada ya Alfajiri, jua lisijawa kali. Kuanza baada ya Alasiri ni kujitafutia kukaza nati gizani, na haraka haraka haina baraka. Siku ya Ijumaa si siku yake, kwa kuwa gari litabaki juu ya stendi wakati wa sala, na watoto huchezea kila kilichoachwa.

Grisi ikishika mkononi ikawa tabaka, huyazuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi, kwa hivyo sharti iondolewe kwanza. Paka mafuta ya kupikia kidogo, usugue, kisha osha kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga laini. Usiuzoeze mwili wako mafuta ya petroli, kwani hukausha ngozi na huvuta moto.

Mafuta machafu yaliyotoka katika shokamzoba yatiwe katika chupa. Yasimwagwe uani. Ardhi yetu ya matumbawe ina matundu, na kinachomwagwa juu hushuka mpaka kwenye maji ya visima. Jirani anayeteka maji pale hakushiriki katika gari lako, basi asishiriki katika uchafu wake. Na kichochoro ni cha watu wote: gari lililofunguliwa lisiwazuie wenye jeneza, wala wagonjwa, wala kina mama wanaopita. Sheria yetu imetufundisha kwamba mtu asidhuru wala asidhuriwe.

Mwenye gari kuukuu asilionee haya gari lake. Lililotunzwa ni bora kuliko jipya la mkopo lisiloangaliwa. Lakini umri wa gari ni kama umri wa mzazi: humwongezea mwana wajibu wa kumtazama. Basi likilia, usiseme limezoea. Vua kanzu, vaa nguo za kazi, chukua tochi, uiname. Na kama utakachokiona chini kimekushinda, mwite fundi, umwonyeshe kwa kidole, na usimame karibu naye mpaka nati ya mwisho ikazwe.